Homa ya aliyepandikizwa uboho haingoji asubuhi: mwongozo wa kumlinda na maambukizi toka wodini mpaka nyumbani

Jioni ya siku ya 41 toka apandikizwe uboho mwanangu alianza kutetemeka. Tulikuwa kule India kwenye chumba cha kupanga, mchana tulienda kliniki, sista akamsukumia maji ya chumvi kwenye laini yake ya kifuani, ule mrija wa kupitishia dawa unaoingia kwenye mshipa, kama kawaida, tukarudi, na haikupita saa moja meno yakaanza kugongana mpaka namsikia nikiwa jikoni. Mkono wangu tayari ulikuwa umeshika chupa ya Panadol. Ndo tulivyolelewa wengi wetu, mtoto ana homa unampa Panadol, unamkanda na kitambaa, unasubiri kukuche. Niliirudisha chupa kwa sababu kuna sista alikuwa akituruhusu kila siku lazima aniambie maneno yale yale, mama, kipimajoto kwanza, simu ya pili, Panadol mpaka sisi tuseme.

Kipimajoto kikasoma 38.9. Nikapiga simu, tukachukua bajaji na nguo za kulalia, na ndani ya saa moja antibaiotiki ilikuwa inaingia mshipani. Damu ilipooteshwa, yaani ilipowekwa maabara bakteria wakue waonekane, wakakuta bakteria anaitwa klebsiela amejificha ndani ya laini, kwa hiyo ile kusukuma maji mchana ilikuwa inamwagia mwanangu bakteria moja kwa moja kwenye damu. Laini ikatolewa. Leo yuko darasa la tatu.

Yeye alipandikizwa kwa ajili ya seli mundu, uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, alitoa dada yake. Zamani ilikuwa ukitajiwa upandikizaji unafikiria India tu, ila sasa hapa Tanzania hospitali ya Muhimbili walianza mwaka 2021 na ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wakaanza 2023, kwa hiyo tutazidi kuwa wengi tunaorudi nyumbani na mgonjwa ambaye mtaani hakuna aliyewahi kumwona wa aina yake. Nayaandika haya kwa ajili ya yule atakayekaa naye usiku. Mimi sio daktari, mahali timu yenu imesema tofauti fuata timu yenu, lakini mengi hapa ndo yaleyale utakayoambiwa kokote.

Kwanza elewa kalenda, maana adui anabadilika

Siku ya kuingiziwa seli inaitwa siku ya 0. Kabla yake mgonjwa anapewa dawa kali za kuusafisha uboho wa zamani, na zile dawa hazichagui, zinaondoa chembe nyeupe zote na zinachubua ngozi laini ya mdomoni mpaka kwenye utumbo. Kwa hiyo mwezi wa kwanza mgonjwa hana askari na ukuta nao una matobo. Bakteria waliokuwa wanaishi kwa amani tumboni mwake wanavuka kuingia kwenye damu, wale wa kwenye ngozi wanapitia kwenye laini, na fangasi wa mdomoni naye anapata nafasi. Hapo kipimo mtakachokuwa mnakisubiri kila asubuhi ni neutrofili, wale askari wa mbele. Wakiwa chini ya 500 ni hatari, na wakipanda juu ya 500 siku tatu mfululizo ndo wanasema uboho mpya umeshika. Kwa wengi ni kati ya wiki mbili na nne. Kwetu ilikuwa siku ya 19 na nililia chooni peke yangu.

Sasa kitu ambacho sikukielewa mpaka daktari aliponichorea kwenye karatasi ni hiki: usaha ni chembe nyeupe zilizokufa vitani. Asiye na chembe nyeupe hatoi usaha, kidonda chake hakivimbi sana wala hakiwi chekundu, hata nimonia yake inaweza isionekane vizuri kwenye eksirei. Yaani zile dalili zote ulizozoea kuzitafuta zinaweza zisiwepo, ikabaki homa peke yake. Ndo maana wanaishupalia homa kiasi kile.

Toka mwezi wa kwanza mpaka siku ya 100 askari wa mbele wamerudi ila wale wa kumbukumbu, wanaopambana na virusi, bado. Hapo wanaibuka virusi waliokuwa wamelala mwilini miaka yote, mkubwa wao anaitwa CMV, watu wengi sana huku kwetu tunaye na hatumjui. Fangasi wa kwenye vumbi anaitwa aspajilasi naye ni wa kipindi hiki. Na kama mgonjwa amepata GVHD, yaani seli za mchangiaji zimeanza kuushambulia mwili mpya, atapewa steroidi na kinga inarudi chini tena, kwa hiyo hesabu ya siku inaanza kudanganya, mtu yuko siku ya 150 lakini kinga yake ni ya siku ya 30.

Baada ya siku ya 100 watu wanalegea, na ndo mwezi wa tano, wa sita, wa nane unakuta mkanda wa jeshi, nimonia ya bakteria anaitwa nyumokoka, sepsisi (maambukizi yaliyosambaa kwenye damu) ya ghafla. Kwa watoto wa seli mundu hili ni zito zaidi maana bandama yao, inayochuja bakteria kwenye damu, wengi ilishakufa zamani kabla hata ya upandikizaji.

Kabla ya kulazwa

Kuna vipimo vitafanywa kwa mgonjwa na kwa mchangiaji pia: homa ya ini B na C, VVU, CMV, kaswende, malaria. Wewe sema ukweli wote wa historia. Kama babu aliyekuwa analala chumba kimoja na mtoto alitibiwa TB, sema, hata kama ni miaka mingi, maana TB iliyolala inaweza kuamka na kuna dawa ya kuizuia.

Hospitali za nje ukienda kumbusha mambo mawili ambayo kwao si ya kila siku. La kwanza malaria. La pili kuna mnyoo anaitwa strongiloidi, anaingia kupitia ngozi ya mguu ukitembea peku, anaweza kuishi ndani ya mtu miaka na miaka bila dalili, halafu kinga ikishuka au steroidi zikianza anazaliana ovyo na kubeba bakteria wa tumboni mpaka kwenye damu na mapafu. Watu wanakufa kwa hilo na dawa yake ni vidonge vya ivamektini kabla ya kuanza. Mimi niliuliza tu, mwanangu alikuwa mtoto wa kucheza peku uwanjani, wakampa.

Meno: ng'oa na ziba mapema, jino bovu ni mlango wazi. Na chanjo hai, kama surua na homa ya manjano, lazima ziwe zimepita angalau wiki 4 kabla ya zile dawa kali. Hii inawakamata sana wanaosafiri maana ukitokea nchi kama Kenya au Uganda India wanataka kadi ya manjano, watu wanakimbilia kuchoma wiki ya safari. Kama kinga ya mgonjwa imeshashuka kwa kansa au dawa, hiyo chanjo haimfai kabisa, omba barua ya daktari ya kusamehewa.

Wodini: mikono, mdomo, laini

Mikono ndo kila kitu na kila mtu analijua hilo, ila kulijua na kulifanya ni vitu viwili. Sabuni na maji sekunde 20, katikati ya vidole, chini ya kucha, pete vua kabisa. Sanitaiza inatosha mara nyingi isipokuwa mgonjwa akiharisha, kuna bakteria wa kuharisha anaitwa klostridiamu difisile, mbegu zake hazifi kwa spiriti, hapo ni sabuni na maji tu. Na usimwonee haya mtu. Mimi nilimwambia daktari bingwa mwenyewe, daktari samahani, mikono, akanawa na akanishukuru.

Mdomo usiuache hata siku moja, hata siku anazolia. Mswaki laini kabisa, na maji ya kusukutua tulikuwa tunatengeneza hivi: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kijiko cha chai kimoja cha beking soda (sio beking pauda na sio magadi ya kupikia maharage, hivi ni vitu tofauti). Kila siku unatengeneza mapya. Asukutue na kutema mara nne mpaka sita. Vidonda vikimzidi aambiwe daktari apewe dawa ya maumivu ya kutosha, maana mtoto anayeumia hafungui mdomo, na mdomo usiosafishwa ndo bakteria wanapovukia.

Laini ya kifuani au mkononi ndo baraka ya mgonjwa na ndo hatari yake pia. Kile kifuniko cha mwisho kila kinapofunguliwa kisuguliwe na spiriti au klorheksidini sekunde 15 na kiachwe kikauke chenyewe, usipulize na mdomo, nimeona kwa macho yangu mtu anapuliza. Plasta ile ya kuonekana ndani inabadilishwa kila siku 7, ya pamba kila siku 2, na ikilowa au ikibanduka ukingo inabadilishwa hapo hapo hata kama ni usiku. Kuoga funika na nailoni uzungushie plasta, bafu la kujimwagia, sio la kujilaza. Angalia kila siku pale inapoingilia: wekundu, maumivu, majimaji. Na baridi kali au kutetemeka baada ya laini kusukumwa, hata kama joto bado halijapanda, hiyo ni simu ya dharura. Ile siku ya 41 mimi nilikuwa nasubiri kipimajoto kinihakikishie, ila kutetemeka kwenyewe kulitosha.

Homa: fanya hivi, kwa mpangilio huu

Hapa ndo moyo wa haya yote. Ukisahau mengine yote kumbuka hapa.

Kuwa na vipimajoto viwili vya kidijitali, kimoja betri itaisha usiku, haijawahi kuisha mchana. Pima asubuhi na jioni kila siku, na kila anapoonekana hayuko sawa. Pima sehemu ile ile siku zote. Kwapani inasoma chini kidogo kuliko mdomoni, kwa hiyo waambie madaktari unapimia wapi. Njia ya haja kubwa kamwe, unaweza kuchana ngozi ukamwingizia bakteria mwenyewe.

Namba ni 38.3 mara moja, au 38.0 inayodumu saa nzima. Vituo vingine wanasema 38.0 tu piga, ukiambiwa hivyo fuata hivyo.

Ikifika hapo: usimpe Panadol, itaificha homa, na usimpe kabisa ibuprofeni, diklofenaki au aspirini maana pleteleti zake, zile chembe za kugandisha damu, ziko chini atavuja damu. Piga simu ile namba ya usiku. Wakati unapiga mtu mwingine achukue begi. Begi letu lilikaa nyuma ya mlango mwaka mzima, ndani kuna orodha ya dawa zote na dozi, majibu ya mwisho ya damu, kadi ya bima, nguo moja, chaja, na barua.

Barua ndo nataka niiongelee. Ukirudi nyumbani utafika hospitali usiku na utakutana na mtu mwema amechoka ambaye hajawahi kuona mgonjwa aliyepandikizwa. Mwezi wa saba mwanangu alipata 38.6 saa nne usiku, tukaenda hospitali moja iliyo karibu, wakatuambia tukae foleni tupime malaria kwanza. Malaria ikatoka hasi. Wakasema basi ni virusi, mpe Panadol mrudi kesho. Barua nilikuwa nayo ila niliona aibu kuitoa, nikaona kama naringa, na hapo mwanangu ameshaanza kupumua haraka. Nilipoitoa daktari akaisoma akiwa amesimama, akabadilika sura, ndani ya dakika kumi dripu ikawekwa. Ilikuwa nimonia. Tulipoteza saa mbili na nusu na nazijutia mpaka leo.

Kwa hiyo barua iombe timu yenu kabla hamjaruhusiwa, iwe na muhuri na namba ya simu, na iseme wazi: huyu amepandikizwa tarehe fulani, kinga yake iko chini, akiwa na homa ni dharura, aoteshwe damu kabla ya dawa lakini dawa isicheleweshwe, antibaiotiki ya mshipani ianze ndani ya dakika 60, na itaje dawa ipi, kwa kawaida ni piperasilini na tazobaktamu, sefepimu au meropenemu. Unapofika mlangoni barua iwe mkononi. Useme kwa sauti, kinga ya mgonjwa wangu iko chini na ana homa, naomba asikae foleni. Kwa adabu, lakini useme.

Malaria apimwe, ndio, huku kwetu lazima. Ila ipimwe sambamba, isisubiriwe. Na hata ikitoka chanya isiwe sababu ya kuacha kutafuta bakteria, mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Damu ya kuotesha wanachukua kwenye kila njia ya laini na nyingine mkononi, ili wajue kama bakteria yuko kwenye laini au kwenye mwili mzima. Majibu yanachukua siku moja, mbili au zaidi. Wakati huo dawa inaendelea. Kama homa haishuki siku nne mpaka saba madaktari wanaanza kuwaza fangasi, wataomba CT ya kifua na kuongeza dawa ya fangasi, usishtuke ukiona wanaongeza, wanafuata utaratibu.

Kitu kimoja cha hatari zaidi: mgonjwa aliye kwenye steroidi anaweza asipate homa kabisa. Huyo utamjua kwa kusinzia kusiko kawaida, maneno kuchanganyikana, kupumua haraka, mikono ya baridi, mkojo kupungua, joto kushuka chini ya 36. Ukimwangalia ukasema moyoni huyu leo siye yule, nenda. Hakuna daktari mwenye akili atakayekugombeza kwa kuja bure.

Dawa za kinga, zile anazomeza akiwa mzima

Hizi ndo zinazochosha maana mtoto anaonekana yuko vizuri na bado anameza dawa asubuhi mpaka usiku. Asaiklovia ni ya kuzuia mkanda wa jeshi na malengelenge, kwa aliyepata uboho wa mtu mwingine ni angalau mwaka. Septrin inazuia nimonia ya fangasi anaitwa nyumosisti, inaanza uboho ukishashika, angalau miezi 6, na inaendelea kama bado yuko kwenye dawa za kushusha kinga. Wenye mzio wa salfa kuna nyingine, sema tu mapema. Flukonazoli au posakonazoli ni za fangasi. Kwa CMV wengine wanapewa letamovia mpaka siku ya 100, na ambao hawana uwezo nayo wanapimwa damu kila wiki, virusi wakianza kupanda wanaanzishiwa gansiklovia kabla hata hajaumwa. Hicho kipimo cha kila wiki usikiruke kwa sababu ya nauli, bora uruke kingine. Penisilini kwa wenye bandama iliyokufa inaendelea muda mrefu.

Angalia sana kuchanganya. Dawa za fangasi zinapandisha siklosporini na takrolimasi, zile dawa za kushusha kinga, kwenye damu, ndo maana dozi zinarekebishwa pamoja, ukiacha moja bila kusema unaharibu nyingine. Rifampisini ya TB inazishusha vibaya. Balungi asile wala asinywe juisi yake. Na dawa za asili, jamani, najua zinaletwa kwa mapenzi, muarobaini, mlonge, asali ya msituni, zile pauda za kuongeza kinga. Nyingi hazijachemshwa, zinaweza kuwa na mbegu za fangasi, na hujui zinafanya nini na hizo nyingine. Pokea, shukuru, weka kabatini.

Nyumbani: vumbi, wageni, chakula

Kabla hajafika paka rangi, ziba ukungu, maliza ujenzi, kisha acha nyumba ipumue wiki kadhaa. Aspajilasi anaishi kwenye vumbi, ukuta wenye unyevu, majani makavu, mbolea, banda la kuku. Usifagie na mgonjwa yuko ndani, deki kwa kitambaa kibichi. Jirani akianza kujenga, na Dar kila jirani anajenga, madirisha ya upande ule yafungwe na akitoka avae maski ya N95, ile ya kitambaa haizuii mbegu za fangasi. Chandarua kila usiku, viatu miguuni hata uani. Bahari, bwawa na mto visubiri.

Wageni ndo mtihani. Siku ya tatu toka turudi walikuja watu kumi na nne, na watoto, mmoja wa watoto anakohoa. Wamekuja kutoa pole, wameshikilia mfuko wa sukari, utawafukuzaje? Nilitoka nje nikafunga mlango nyuma yangu, nikawawekea mkeka chini ya mwembe, nikawaambia daktari ameniagiza hivi na nimeahidi. Mtoto akawapungia mkono dirishani. Hakuna aliyenuna. Ukisema mimi sitaki watu wanaumia, ukisema daktari kasema wanakuwa walinzi wako, mpaka leo mama mmoja wa pale anawazuia wengine kwa niaba yangu.

Bibi yake alikuja toka Korogwe na machungwa na kuku hai wawili. Nikamwambia, shikamoo mama, machungwa haya atakula yote, ila kuku kinyesi chao na manyoya yao daktari amekataza yasiingie. Akakaa kimya kidogo, akasema basi wachinjwe kwa jirani, waje ni nyama. Mkono wa shikamoo akawa anampa kwa mbali, na kabla ya kukaa naye ananawa mpaka viwiko.

Chakula: zile sheria za zamani za kukataza kila kitu kibichi ushahidi wake ni mdogo, kilichobaki muhimu ni usafi na moto. Nyama, samaki na mayai viive kabisa, hakuna kiini kinachotiririka. Maji yachemke yatokote, barafu ya hayo hayo. Maziwa yachemshwe, mtindi wa kienyeji usubiri. Matunda ya ganda nene, ndizi, embe, chungwa, unaosha ganda kwanza ndo unamenya, watu wanasahau kisu kinapitisha uchafu wa nje kwenda ndani. Kachumbari, juisi ya miwa, mishkaki ya barabarani, karanga zenye dalili ya ukungu, hapana. Wali uliobaki usilale kwenye sufuria juu ya jiko, ndani ya saa mbili uwe kwenye friji, na ukipashwa utoe moshi. Kiporo cha wali kina bakteria wake ambaye kupasha hakuondoi sumu aliyokwisha kuitoa. Mwanangu alikuwa anapenda kiporo na chai kuliko chochote, hiyo ndo ilimuuma.

Dalili nyingine ambazo si homa

Kikohozi kipya au kuchoka kupanda ngazi, siku hiyo hiyo. Damu kwenye mkojo na maumivu ya kukojoa, kuna virusi wa kibofu anaitwa BK. Kuharisha zaidi ya mara tatu, inaweza kuwa maambukizi au GVHD na matibabu yake yanapingana kabisa, kwa hiyo usinunue dawa ya kufunga tumbo duka la dawa. Maumivu ya kuungua upande mmoja wa mwili hata kabla ya vipele, huo ni mkanda wa jeshi unakuja. Kama amekaa chumba kimoja na mwenye tetekuwanga au surua piga simu siku hiyo, usisubiri atoke vipele, kuna dawa na sindano za kuzuia ila zina muda wake.

Chanjo zinaanza upya

Kinga ya chanjo za utotoni inafutika kwa kiasi kikubwa. Anaanza kama mtoto mchanga: nyumokoka kati ya mwezi wa 3 na wa 6, mafua kuanzia mwezi wa 4 mpaka wa 6, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na polio ya sindano kuanzia karibu mwezi wa 6. Chanjo hai hazigusi mpaka miaka 2 ipite, GVHD isiwepo na awe ameacha dawa za kushusha kinga muda wa kutosha, kwa wengi mwaka mzima. Ile kadi ya manjano itaonekana bado halali lakini kinga yenyewe inaweza kuwa haipo, kwa hiyo usimpeleke sehemu yenye mlipuko ukitegemea karatasi.

Ninyi wa nyumbani chanjeni, mafua kila mwaka, mkiwa na kinga nyie vijidudu haviingii mlangoni. Isipokuwa matone ya polio. Matone ni virusi hai waliodhoofishwa, mtoto aliyepewa anawatoa kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Kampeni ya nyumba kwa nyumba ilipopita kwetu nilimweleza dada wa chanjo mlangoni, ndani kuna mgonjwa aliyepandikizwa, mdogo wake atachomwa ya sindano kliniki. Hakuwahi kusikia, akampigia msimamizi wake, msimamizi akasema yuko sahihi huyo mama, andika. Akachora alama yake ukutani kwa chaki akaenda nyumba ya pili.

Ya surua amechomwa mwezi uliopita, miaka miwili na miezi mitatu toka siku ya 0. Usiku ule alipata joto la 37.8 na sote tulikaa macho. Asubuhi ilikuwa 36.7, akaomba chai na kiporo, nikampa.